Elektroni ya Pili

Jumatatu, Machi 4

Mvua imeanza leo, tena kwa fujo. Mume wangu alikuwa juu ya paa la watu. Akateremka na bisibisi mdomoni, paneli moja ya jua imefungwa na ya pili inaning'inia. Ndiyo basi, kazi za mapaa zimelala mpaka masika yaishe. Bati lililolowa halina undugu na mtu, na mgongo wake hauko tena katika umri wa kuanguka.

Naandika shajara hii kwa sababu mwaka huu nataka kuwe na maandishi. Nimechoka kuambiwa baadaye kwamba sikuwepo. Makala ya kwanza ya maabara yetu, ambayo kila kipimo chake nilikipima mimi, jina langu liliwekwa chini kabisa kwenye shukrani, baada ya yule aliyetuazima feni. Ya pili likapanda mpaka la tano. Hii ya tatu nimo mbele, jina la kwanza, na imeshakubaliwa. Profesa atawarudishia wahariri nakala ya mwisho masika yakiisha. Hapo ndipo nitakapoamini.

Alhamisi, Machi 7

Mume wangu hana kazi, kwa hiyo ana maswali. Leo kwenye chai:

"Hebu nieleze tena, mama. Kinyozi akiniuliza nisiumbuke."

Nikamweleza kwa vitu anavyovijua. Nuru huja kwa vipande, fotoni. Paneli zake zimetengenezwa kwa kitu ambacho si waya wa kupitisha umeme wala si mpira wa kuuzuia. Kiko katikati, tunakiita nusukipitishi. Fotoni ikikigonga inang'oa elektroni moja, na elektroni hizo ndizo umeme. Fotoni nyekundu inang'oa moja. Ya urujuani, iliyokuja na nguvu ya kung'oa mbili hata tatu, nayo inang'oa moja vilevile. Nguvu iliyozidi inapotea, inakuwa joto.

"Ndiyo maana saa sita mchana paneli inaniunguza kiganja."

"Sehemu ya joto hilo, ndiyo."

"Kumbe miaka yote nawapashia watu mabati."

Nikamwambia sisi tunatumia chembe za madini, risasi na seleni, ndogo kiasi kwamba maelfu yake yangepangwa kwenye upana wa unywele mmoja. Ndani ya chembe finyu hivyo, elektroni iliyorushwa kwa nguvu haipati pa kuitapanya. Inaigonga jirani yake, nayo inainuka. Fotoni moja, elektroni mbili. Haitokei kila mara. Wengine duniani hupata wastani wa 1.2, wakijitahidi 1.3. Mimi napata 1.9.

Akasema taratibu, kama mtu anayejaribu kofia dukani, "Mke wangu anang'oa mbili kwa moja."

Jumanne, Machi 12

Mvua. Kinyozi ameshajua. Muuza mkaa naye ameshajua.

Jumatano, Machi 20

Mpishi ameharibu tena. Hata maabara hakuna anayemwita kwa jina lake. Yeye ndiye anayepika chembe, ndani ya chupa iliyojazwa nitrojeni, kwa joto lisiloruhusiwa kuyumba, na kiungo cha mwisho anakipiga kwa sindano kwa pumzi moja. Umeme ukikatika katikati, chupa nzima inakuwa tope, na masika haya umeme unapepesa kama jicho lenye mchanga. Ni msichana wa kutoka zile shule zenye bustani na maua yaliyokatwa mraba. Nadhani hajawahi kushika nyundo.

Leo ameokoa kijiko kimoja cha chai. Kwa wengine kijiko ni kipimo kimoja, kwa sababu wanatumia kichupa kipana chenye sumaku ndogo inayozunguka chini na kukoroga. Mimi natumia kichupa chembamba kama karata. Matone machache yanatosha. Kijiko kile kile napima mara nane. Hilo sikulisoma chuoni. Chuo chenyewe nilikisoma jioni, nikitoka mapaani na mikono ina vumbi la simenti. Aliyekulia nyumba ya kugawana kipande cha sabuni hamwagi kitu.

Mpishi alikuwa amesimama mlangoni. "Dada, hicho chembamba sumaku haiingii, siyo? Sasa unakorogaje?"

"Wewe pika."

"Nauliza tu, dada."

"Na mimi najibu tu."

Aliondoka taratibu. Watoto wa bustani wana ujasiri wa maswali.

Jumatano, Machi 27

Mvua, umeme hakuna, nimerudi mapema. Mume wangu amekaanga mayai, upande mmoja mkaa mtupu. Akasema upande ule ni wake.

Jumanne, Aprili 2

Profesa aliniita. Ni mzee mpole ambaye vifungo vya koti lake havijawahi kukutana na matundu yao halali. Maabara nyingine, ambayo tuliipelekea chembe zetu kwenye kifurushi, imepima. Bwana mmoja wa huko amepata 1.3.

"Kifurushi kimelowa njiani," nikasema.

"Wanasema kilikuwa kikavu. Wamerudia."

"Warudie tena. Au ni kwa sababu aliyepima ni Mama Paneli?"

Ndivyo wanavyoniita. Wanadhani sisikii. Profesa hakukana wala hakukubali. Alitazama mvua dirishani, kisha akasema, "Mimi naiamini mikono yako."

Nilitoka nikiwa na furaha. Nilipofika ngazini furaha ikawa imepungua, na sijui kwa nini. Yule bwana nimempa jina: Nukta Tatu.

Ijumaa, Aprili 5

Nimepima tena, mara nne. 1.9, 1.9, 1.88, 1.9. Nukta Tatu na ajipange.

Jumanne, Aprili 9

Mvua ilikuwa ya kumwaga ndoo. Nilipotoka nikamkuta mume wangu getini na mwavuli, ameegemea ukuta kwa sababu ya mgongo, anajifanya anasoma tangazo. Mpishi alikuwa nyuma yangu hana mwavuli. Mume wangu akamwita chini ya wa kwetu kabla sijafungua kinywa.

"Asante shemeji. Ila dada hapendi niongee naye."

"Hata mimi hapendi niongee naye, na nimemuoa."

Wakacheka wote wawili, mimi mbele yao nikilowa bega la kulia na la kushoto. Ndipo nikaona vidole vya Mpishi. Vitatu vina plasta. Kumbe anakuja alfajiri, kabla watu hawajawasha majiko na vyuma vya nywele, ili umeme usimkatikie chupa ikiwa motoni. Na ukikatika anaishika chupa kwa kitambaa, anaizungusha kwa mkono juu ya mkaa akijaribu kuokoa joto. Nikamwambia mtu aliyesoma shule yake angeweza kupata kazi isiyounguza.

"Shule gani, dada?"

"Ile ya maua ya mraba."

"Ah. Yale maua alikuwa anayakata baba yangu. Mtoto wa mtunza bustani alikuwa anaruhusiwa kusoma, mradi asikanyage nyasi."

Mume wangu akanitazama. Nikatazama barabara. Nimekuwa mtu wa hesabu maisha yangu yote, na hesabu ya binti huyu niliikosea toka mstari wa kwanza.

Jumanne, Aprili 16

Nataka kuliandika hili sawasawa, hatua kwa hatua, kwa sababu kesho nitatamani kulisahau.

Kipimo changu kiko hivi. Napiga chembe kwa leza, mapigo mafupi mno, dhaifu mno, ili chembe moja isipate zaidi ya fotoni moja kwa pigo. Kama ndani ya chembe zimeinuka elektroni mbili, hazikai pamoja. Moja inazimika upesi, ni ndugu wawili kwenye kitanda cha mmoja. Iliyobaki inatulia muda mrefu. Kwa hiyo mchoro wa elektroni zilizomo unaanza juu, unaporomoka, kisha unanyooka. Kimo cha juu ukigawanya kwa kimo cha pale uliponyooka, ndiyo namba yangu. Ikiwa moja kamili, hakuna elektroni ya pili. Ikiwa mbili, kila fotoni imezaa mbili.

Na nina desturi. Dakika za mwanzo za kila kipimo nazitupa, kwa sababu leza ikiwashwa huwa haijatulia. Kila mtu anatupa kidogo. Mimi natupa zaidi, nisije nikalaumiwa kwa uvivu.

Leo umeme ulikatika, ukarudi. Nikawasha leza, nikafunga pazia lake la chuma ili mwanga usigonge kichupa, nikaenda kumpelekea Mpishi dawa ya kuungua ambayo mume wangu alininunulia nimpe. Tukaongea kidogo. Niliporudi leza ilikuwa imetulia kabisa, mshale wa kipimo chake umelala kama paka. Nikafungua pazia, na kwa kuwa hapakuwa na haja ya kutupa kitu, nikaanza kusoma papo hapo.

1.3.

Nikadhani nimekosea. Nikasubiri. 1.4. 1.5. Namba ikapanda kama maji kwenye pipa, ikafika 1.9, ikakaa. Mshale wa leza haukuwa umesogea hata unywele.

Nikafunga pazia. Nikakitoa kichupa, nikakipindua huku na huku, nikakitikisa kwa mkono kama mtu anayetikisa chupa ya dawa ya mtoto. Nikakirudisha. Nikafungua.

1.3. Kisha ikaanza kupanda tena.

Nikarudia mpaka nikaona aibu ya kurudia.

Ninajua ni nini. Ndani ya kichupa chembamba matone hayasogei. Leza inazigonga chembe zile zile, pigo juu ya pigo. Baadhi zinapoteza elektroni, inanasa ukingoni, na chembe inabaki na chaji isiyo yake. Pigo linalofuata likileta elektroni mpya inamkuta mgeni huyo chumbani, ugomvi, inazimika upesi. Mchoro unaporomoka, na mimi nasema: tazama, zilikuwa mbili! Hazikuwa mbili. Ilikuwa moja na mabaki ya pigo lililopita. Ukikoroga, chembe zilizochoka zinaondoka njiani na mpya zinaingia, na uongo unakwisha. Ndiyo kazi ya ile sumaku. Ile isiyoingia kwenye kichupa changu cha akili nyingi.

Na dakika ambazo ndani yake ukweli ulikuwepo, ndizo nilizokuwa nikizitupa.

Chumbani hapakuwa na mtu. Makala imeshakubaliwa. Jina la kwanza. Nilikaa nikatazama ukuta, na sitasema uongo humu ndani: nilipiga hesabu ya kunyamaza. Niliipiga mpaka mwisho, na ilitoka vizuri. Hakuna ambaye angejua isipokuwa Nukta Tatu, na yeye angeonekana mwenye wivu.

Nyumbani mume wangu alikuwa anajaza karatasi kwenye viatu vyangu vya jana vikauke. Nikamwambia nikiwa nimesimama.

"Kwa hiyo si mbili."

"Si mbili."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi anajua mtu mmoja na nusu." Hakucheka, wala mimi. Akaendelea na kiatu. "Mimi nikifunga paneli vibaya, mvua ndiyo inayonisema, tena mbele za watu, tone kwa tone sebuleni. Siku hizi naona bora niseme mimi kabla yake."

"Wewe unafunga upya. Mimi jina langu linarudi kwenye shukrani, chini ya feni."

"Litarudi, litapanda tena. Wewe hujawahi kukaa chini ya feni ukatulia."

Nikamuuliza kama naweza kulia. Akasema nilie tu, maji ya chai hayajachemka. Nililia. Akanishika kichwa kwa mkono wenye karatasi za viatu, na alinuka ngozi mbichi na wino, na sikutaka autoe.

Jumatano, Aprili 17

Sikuanza kwa Profesa. Nilianza kwa Mpishi.

"Lete kichupa kipana na sumaku."

"Dada, kimebaki kijiko kimoja. Kwenye kipana ni kipimo kimoja tu, kimekwisha."

"Najua hesabu yake. Mimina."

Akamimina chote. Sumaku ikazunguka. Tulikaa bega kwa bega. 1.3 toka mwanzo, 1.3 baada ya nusu saa. Nikamweleza yote. Nilingoja aonyeshe meno, kwa kuwa ningekuwa mimi ningeonyesha.

"Pole, dada," akasema.

"Uliniuliza, nikakufukuza."

"Hukunifukuza. Uliniambia nipike, nikapika."

Sijui binti huyu amelelewa na nani. Najua, na mtunza bustani.

Ijumaa, Aprili 19

Nilisimama kwenye kikao mbele ya wote. Nilionyesha mchoro unaopanda, kisha ule wa kichupa kipana, nikasema namba yetu ya makala ni ya uongo na uongo huo umetoka kwenye kichupa changu. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Mvua ikagonga dirisha kwa niaba ya waliobaki.

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa ikiwa chafu zaidi.

"Unajua makala inarudi nyumbani?"

"Najua."

"Na jina la kwanza?"

"Profesa, namba si yangu, jina la mbele nilifanyie nini?"

"Nilikuambia naiamini mikono yako. Nilipaswa kuja kukaa nayo chumbani, si kuiamini nikiwa ofisini. Hilo ni langu." Akasema hivyo mbele ya watu wote, mzee wa watu, kifungo cha tatu kwenye tundu la nne.

Kisha akampigia Nukta Tatu, sauti ikasikika chumba kizima. Nikamweleza mwenyewe. Nilitegemea kejeli. Ikaja sauti, ndogo kuliko nilivyoitegemea:

"Kichupa chembamba, ulisema? Upana gani?"

Nikamwambia.

"Ngoja kwanza, dada. Ngoja nikaangalie vipimo vyetu vya mwaka juzi. Mungu wangu. Ngoja."

Akakata. Wa kwanza kucheka alikuwa Mpishi, akajiziba mdomo kwa vidole vyenye plasta, na nikamsaidia kucheka.

Jumatatu, Aprili 22

Makala imeondolewa. Mvua. Nina hasira na kila kitu chembamba.

Ijumaa, Mei 3

Leo nilipitia kwa muuza mkaa. Akaniambia, kabla ya salamu, "Mama, nasikia ni moja na nukta tatu. Hongera."

Kumbe mume wangu amezunguka mtaa mzima. Kila aliyemwambia mbili amemrudia na kusahihisha, mmoja mmoja, kwa mguu, kwenye matope, na mgongo ule. Nilipomgombeza akasema, "Kinyozi alinibana. Akasema, basi mmeshindwa. Nikamwambia, lete fotoni kumi. Kwenye paneli ya kawaida zinatoa elektroni kumi. Za mke wangu kumi na tatu. Hizo tatu zilikuwa wapi? Zilikuwa joto, zilikuwa zinamuunguza mumewe kiganja. Akaninyoa vizuri kuliko siku zote."

Sikuwa nimeitazama hivyo. Nilikuwa nahesabu zilizopungua.

Jumanne, Mei 14

Mvua inakonda, inakuja jioni tu na kuomba radhi. Mume wangu ametengeneza sanduku la betri kwa vipuri alivyokuwa navyo chini ya kitanda, ili jiko la Mpishi lisizimike umeme ukikatika. Profesa aliruhusu bila kusoma barua ya maombi. Tulilibeba watatu. Mpishi akamwita shemeji mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na yeye akajinyoosha kana kwamba hana mgongo.

Jumapili, Mei 19

Jua. Viatu vimekauka bila karatasi.

Ijumaa, Mei 24

Umeme ulikatika jana mara mbili, na jiko halikujua. Mpishi amepata chupa nzima, nyeusi safi. Mimi na yeye tunaandika makala upya. Tumebishana kuhusu jina la kwanza, yeye ananisukuma mbele na mimi namsukuma, mpaka Profesa akasema ataandika la sanduku la betri.

Mchana mume wangu alikuja kukagua nyaya zake kabla ya kurudi mapaani Jumatatu. Hajawahi kuingia chumba cha leza. Nikampa miwani ya kinga, nikamweka mbele ya skrini. Kichupa kipana, kimejaa, sumaku inazunguka. Nimeanza kusoma toka pigo la kwanza, sikutupa hata moja.

Alitazama kwa muda mrefu na heshima, kama mtu msibani asiyemjua marehemu. Hatimaye akaninong'oneza:

"Mama. Mbona haisogei?"

"Ndiyo raha yake."

Mpishi akamsogezea stuli. Akaketi taratibu, kwa ajili ya mgongo, akaweka mikono magotini, na sisi tukasimama nyuma yake. 1.3. 1.3. 1.3. Nje mtu alikuwa anafagia maji ya mwisho kwenye varanda. Mume wangu alihesabu kwa vidole, kumi, kisha akaongeza vitatu, akaviacha vimesimama hewani tuvione.